Misa haikutoka mezani: kitenzi cha Kilatini mittere na makosa yanayokifuata

Maelezo haya nimeyasikia zaidi ya mara moja, tena kwa watu ninaowaheshimu: ati misa na meza ni neno moja, kwa kuwa misa huadhimishwa kwenye meza ya Bwana. Yanapendeza masikioni, lakini si kweli. Meza tuliipata kwa Wareno, ambao mesa yao inatokana na mensa ya Kilatini. Misa inatokana na missa, na missa ni mtoto wa kitenzi mittere, ambacho kwa kawaida hufasiriwa "kutuma". Mensa na mittere hawana udugu wowote.

Kosa la pili lina mizizi mirefu zaidi. Mwishoni mwa ibada ya Kilatini hutamkwa Ite, missa est, na wengi hufasiri: "Nendeni, misa imekwisha." Lakini hapo missa bado halikuwa jina la ibada. Katika Kilatini cha zama za mwisho za Dola ya Roma, missa lilimaanisha kuruhusiwa kuondoka, kama tunavyosema leo kwamba mgonjwa ameruhusiwa hospitalini. Egeria, mwanamke aliyezuru Yerusalemu mwishoni mwa karne ya 4 na kuandika aliyoyaona, hulitumia neno hilo tena na tena kwa waumini kuachiwa waende zao, hata baada ya sala zisizo na ekaristi. Avitus, askofu wa Vienne aliyeishi hadi mwanzoni mwa karne ya 6, anaeleza kwamba missa est ilitangazwa makanisani na vilevile katika majumba ya watawala, watu walipopewa ruhusa ya kutoka. Kwa hiyo tafsiri iliyo karibu na asili ni "Nendeni, ni ruhusa." Tangazo la kufunga ibada ndilo lililokuja kuipa ibada nzima jina lake. Wapo wasomi wa Ulaya waliojaribu kulitoa neno hili katika Kiebrania, lakini ushahidi wa Egeria na Avitus unatosha kuonyesha kwamba ni Kilatini kitupu.

Kuhusu maumbo, anayeanza Kilatini hutafuta mittere kwenye kamusi na kukuta mitto, kisha hudhani kamusi ina kasoro. Haina. Sisi huorodhesha shina, tuma. Wao huorodhesha nafsi ya kwanza, mitto, "natuma". Kisha hufuata mittere, "kutuma", misi, "nilituma", na missum, umbo linalozaa missus, "aliyetumwa". Ukizishika hizo nne, mengine yote yanajengeka. Kilatini huweka nafsi mwishoni, sisi mwanzoni: mittimus ni "tunatuma", misimus ni "tulituma", mittitur ni "anatumwa". Wakati ujao huwakwaza wengi. Huunda mittebo kwa kufuata amabo, "nitapenda", ilhali mittere ni wa kundi la tatu na husema mittam, mittes, mittet. Na t kugeuka s katika missus isikushangaze wewe mwenye fuata na mfuasi, takata na takasa.

Lakini dhana inayonikera kuliko zote ni kwamba mittere ni "kutuma" basi. Ukishikilia hivyo utasoma Kilatini kwa kupapasa. Moyo wa kitenzi hiki ni kuachia: kitu kilikuwa mkononi mwako, sasa kinaenda. Askari wa Roma pila mittit, yaani anarusha mikuki. Mganga sanguinem mittit, anamtoa mgonjwa damu. Askari wa vikosi vya wasaidizi, akishatumikia miaka 25, hupewa honesta missio, kuachiwa kwa heshima. Mpiganaji wa maonyesho ya uwanjani (gladiator) aliyeshindwa huomba missio, aachiwe akiwa hai. Kaisari Augusto alipiga marufuku mapambano yasiyotoa nafasi hiyo. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayeweza kuelezwa kwa "kutuma" pekee.

Maana iliendelea kusogea. Msomaji wa Lubumbashi au Bujumbura anayejua Kifaransa atakitambua mittere ndani ya mettre, lakini mettre ni "kuweka", sawa na mettere ya Kiitaliano. Kazi ya kutuma wameipa kitenzi kingine. Kwetu uzao wake umefika kwa njia ya Kiingereza: kamati, kamishna na kamisheni zote zinatoka katika committere, yaani mittere iliyotanguliwa na kiambishi chenye maana ya "pamoja". Committere ni kukutanisha, na pia kukabidhi, na kamati hadi leo ni watu waliokabidhiwa jambo.

Neno ninalolithamini kuliko yote katika ukoo huu ni manumittere: manus, "mkono", na mittere, "kuachia". Kwa Warumi, kumwacha mtumwa huru kulikuwa kumwachia atoke mkononi mwa bwana wake. Mwaka 1868 mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo, wakawaweka hapo watu waliokombolewa utumwani, na makazi yao yakaitwa Kijiji cha Uhuru. Waliotumwa walikuwa missi, na walioachiwa walikuwa manumissi.