Kizunguzungu ni Kile Kinachozunguka

Wiki hii peke yake wamepita chumba chetu cha fiziotherapia watu watatu, kila mmoja na karatasi ya rufaa yenye neno moja: kizunguzungu. Wa kwanza anaona giza kila akiinuka kitini. Wa pili anayumba akitembea, kama aliyeshuka mashuani sasa hivi. Wa tatu, mama wa makamo, alisema, "Nikijigeuza kitandani kuzima alamu, dari yote inanizunguka." Kati ya hao, mwenye kizunguzungu ni huyo mama tu.

Maana yenyewe ni fupi: kuona au kuhisi mwendo wa kuzunguka, wako au wa chumba, na kumbe hakuna kinachozunguka.

Neno limeshatueleza. Mzizi wake ni ule wa zungua, zunguka, zungusha, mzunguko. (Wapo wanaodhani ni Kizungu kilichorudiwa, sivyo.) Kiswahili kikaurudufu, kama kilivyofanya kwa kisulisuli, upepo unaobeba vumbi na majani ukizunguka kama pia. Urudufu huo una kazi: kitu hakigeuki mara moja kikatulia, kinazunguka na kuzunguka. Kilatini nacho kiliita hali hii vertigo, kutokana na kitenzi chake cha kugeuka. Lugha mbili zisizojuana ziliona jambo lile lile.

Tena angalia kitenzi tunachokiweka mbele yake. Njaa tunaisikia, baridi tunaisikia, lakini wengi wetu husema "naona kizunguzungu". Nilimlaza yule mama chali haraka, kichwa kimegeuzwa kulia na kuning'inia kidogo nje ya ukingo wa kitanda. Zikapita sekunde chache, kimya. Mara akanikamata mkono: "Nishike, naanguka!" Naye yuko mgongoni, juu ya godoro. Nikamtazama macho. Yalikuwa yakirukaruka kwenda juu huku yakijipinda kuelekea sikio la chini, kisha yakapunguza kasi, yakatulia kabla dakika haijaisha. Kuona kwake kulikuwa kuona kweli, maana macho yalikuwa yakienda bila yeye kuyaamuru. Kipimo hicho walikieleza Dix na Hallpike wa Uingereza mwaka 1952, na hadi leo hakihitaji mashine.

Kilichomzungusha ni chembe. Ndani kabisa ya sikio kuna kijifuko chenye vijiwe vidogo mno vya kalsiamu kaboneti, kitu kile kile kinachojenga matumbawe. Vikibanduka vikaingia katika mmoja wa mifereji mitatu inayopima mgeuko wa kichwa, basi kila ukilala au ukijigeuza vinaporomoka humo, majimaji ya mfereji yanasogea, na ubongo unaletewa habari kwamba kichwa bado kinazunguka. Vidonge havivitoi, vinapunguza tu ile hisia. Kinachovitoa ni kukigeuza kichwa kwa mpangilio: kwanza upande wa sikio lenye shida, kisha upande wa pili, kisha mwili mzima ulale ubavu pua ikielekea sakafuni, ndipo mtu aketi, na kila hatua tunasubiri macho yatulie. Ni njia aliyoichapisha Epley, daktari wa masikio wa Marekani, mwaka 1992. Mara nyingi kikao kimoja au viwili vinatosha. Inaniuma ninaposikia fiziotherapia ikielezwa kuwa ni kukandwa mgongo.

Njia hiyo haimsaidii hata kidogo anayeona giza akisimama. Huyo apimwe presha akiwa amelala, apimwe tena akiwa wima, aangaliwe kiwango cha damu na dawa anazomeza. Anayeyumba naye ana mazoezi yake: kusimama kwenye sponji, kutembea huku akigeuza shingo kulia na kushoto, wiki baada ya wiki. Na kizunguzungu kikija pamoja na ulimi mzito, kuona vitu viwiliviwili au mkono kulegea, mtu asisubiri rufaa wala miadi. Apelekwe kitengo cha dharura saa ile ile.

Nawaelewa wanaolitumia neno hili kwa kila kitu. Kichwa kikivurugika nani ana muda wa kuchagua msamiati? Lakini msamiati tunao: kuona giza, kichwa kuwa chepesi, kuyumba, kupepesuka, kulewalewa. Kila mmoja unanipeleka pahali pengine pa kuanzia uchunguzi. Kwa hiyo ukija, niambie "naona giza nikisimama", au "nayumba nikitembea". Kama ni dari inayozunguka, hapo sema kizunguzungu, kisha unieleze inaanza ukijigeuza upande gani.