Aliir hakununuliwa: maana ya drafti katika mpira wa Kiaustralia

Juzi nimesikia tena, safari hii redioni: "Aliir Aliir, mzaliwa wa Kakuma, aliyenunuliwa na Sydney kisha akauzwa Port Adelaide." Mtangazaji alimsifu kijana wetu ipasavyo, na Turkana ikatajwa kwa heshima. Ila vitenzi vyote viwili vilikosewa. Aliir, mchezaji wa mpira wa Kiaustralia, hakununuliwa na klabu ya Sydney, wala hakuuzwa kwa ile ya Port Adelaide.

Mchezo wenyewe ni ule wa mpira wenye umbo la yai, uwanja wa duara refu, wachezaji 18 kila upande na milingoti minne golini. Ligi yake kuu, AFL, ina vilabu 18. Kijana anaingia humo kwa drafti: mara moja kwa mwaka, mwezi Novemba, vilabu huteua wachezaji wapya kwa zamu, aliyeshika mkia akianza na bingwa akingoja hadi mwisho wa raundi, kisha raundi ya pili inaanza vivyo hivyo. Kijana hujiandikisha kwa hiari yake, lakini klabu hachagui yeye. Akishatajwa, anakwenda alikotajwa. Hakuna dau, na hakuna fedha inayotoka klabu moja kwenda nyingine. Maana ndiyo hiyo.

Nadhani neno lenyewe linatuponza, kwa sababu sisi drafti tunayo tayari. Ni ile ya ubao wenye miraba, vizibo vya soda, hawa wamevigeuza juu na wale chini, wazee wamekaa chini ya mwembe na kijana mmoja amesimama nyuma yao akiona kete ambayo mchezaji hajaiona. Ukimwambia msikilizaji kwamba mtu "aliingia kwa drafti", picha inayomjia ni hiyo, na kwa kuwa haimsaidii, anarudi kwenye maneno ya soka aliyoyazoea: usajili, dau, kuuzwa.

Cha ajabu, maneno haya mawili ni ndugu wa damu. Yote yametoka katika kitenzi cha zamani cha Kiingereza chenye maana ya kuvuta. Mchezo wa ubao uliitwa hivyo kwa sababu kusogeza kete kulihesabiwa kama mvuto mmoja. Jeshini, neno hilo hilo lilitumika kwa askari waliovutwa kutoka kundi kubwa na kupelekwa mahali pengine, na baadaye kwa vijana walioandikishwa jeshi kwa lazima. Wamarekani wakalichukua huko wakalitia michezoni: ligi yao ya mpira wa Kimarekani ilifanya drafti ya kwanza mwaka 1936, kwa pendekezo la Bert Bell wa timu ya Philadelphia, aliyeona timu tajiri zinazoa vijana wote bora mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo tangu mwanzo neno hili halikuwa na harufu ya soko. Lina harufu ya kambi: jina lako linaitwa, unabeba begi, unaondoka.

Australia ililifikia jambo hili kwa kulazimika. Zamani, ligi ikiwa bado ni ya jimbo la Victoria, mchezaji alikuwa mali ya klabu ya eneo analoishi, na vilabu vilitumia fedha nyingi kuwavuta wachezaji kutoka majimbo mengine mpaka vingine vikakaribia kufilisika. Klabu ya South Melbourne ilipohamia Sydney, mchezaji wake Silvio Foschini alikataa kuhama nayo. Mwaka 1983 Mahakama Kuu ya Victoria ilimpa haki: kanuni zile zilimzuia mtu kufanya kazi yake. Ligi ikaweka ukomo wa jumla ya mishahara mwaka 1985, na mwaka 1986 drafti ya kwanza ya taifa zima ikafanyika. Jina la AFL lilikuja baadaye, mwaka 1990.

Hapa ndipo tofauti ninayoililia inapoonekana. Katika soka, klabu inayomtaka mchezaji mwenye mkataba inalipa ili aachiliwe, na fedha hiyo tunaiita bei yake. Katika AFL klabu hubadilishana: mchezaji kwa mchezaji, au mchezaji kwa zamu ya kuteua. Zamu ndiyo sarafu yao. Tazama maisha ya Chris Judd. Ni mtoto wa Melbourne, lakini mwaka 2001 klabu ya West Coast ilimteua kwa zamu ya 3, yaani alikuwa wa tatu kutajwa, akahamia Perth, upande wa pili wa bara, akiwa kijana wa miaka 18. Akaiongoza klabu hiyo kama nahodha kutwaa ubingwa wa 2006. Mwaka uliofuata mkataba wake ukaisha, akasema anataka kurudi nyumbani, akaitaja klabu ya Carlton. Kumaliza mkataba hakukutosha, kwani wakati ule mchezaji hakuruhusiwa kujiondokea tu. Uhuru huo ulianza mwaka 2012, tena kwa waliotumikia klabu moja miaka minane au zaidi. West Coast ikamwachia, na katika mabadilishano hayo ikapata zamu ya 3, zamu ya 20 na kijana aitwaye Josh Kennedy, ambaye baadaye alifunga magoli mengi kuliko mchezaji yeyote katika historia ya klabu hiyo. Sema sasa: Judd aliuzwa shilingi ngapi?

Na klabu mbili zisipoelewana? Luke Ball, aliyeteuliwa zamu moja tu kabla ya Judd, aliondoka klabu ya St Kilda mwaka 2009 bila mabadilishano kufikiwa. Mtu mzima aliyekwisha kuwa nahodha akarudi kwenye drafti kusubiri jina lake pamoja na vijana waliotoka shule. Collingwood ikamteua kwa zamu ya 30, na mwaka 2010 akatwaa nayo ubingwa, fainali ikiwa dhidi ya St Kilda. Kitenzi "kuuzwa" hakiwezi kabisa kubeba habari kama hii.

Mimi husema "uteuzi wa zamu", na aliyepita humo ni "mteule". Anayependa kubaki na "drafti" abaki nayo, mradi aseme ni ya wachezaji. Kwa Aliir sentensi ingekuwa hivi: mzaliwa wa Kakuma, aliteuliwa na Sydney kwa zamu ya 44 mwaka 2013, na mwishoni mwa 2020 akaenda Port Adelaide kwa kubadilishwa na zamu ya raundi ya pili ya mwaka uliofuata. Inasomeka redioni kwa pumzi moja, na Kakuma imebaki pale pale mwanzoni.