Kibati Kwanza, Rangi Baadaye

Nikiletewa kipuri cha ndege ya vita, rangi siiangalii. Natafuta kibati. Rangi hata fundi wa magari wa hapa Malindi atakupakia, useme kimetoka kiwandani jana. Kibati kilichogongwa namba ni kigumu kukighushi, ukijua kukisoma.

Altimita yangu ya kwanza, ala inayomwonyesha rubani yuko juu kiasi gani, niliuziwa kwa jina la Skyraider, ile ndege ya mashambulizi ya Marekani yenye pangaboi puani. Muuzaji alinipa na hadithi nzima ya Vietnam, nami nikalipa bila kuomba kupunguziwa. Ilipofika nikaifungua barazani, nikaigeuza mgongo: 6610-01, kisha tarakimu saba. 6610 ni kundi la ala za kurushia ndege, hapo sawa. Kilichonichoma ni 01. Hadi 1974 namba za ghala za jeshi la Marekani zilikuwa na tarakimu 11, ndipo zikaongezwa mbili za nchi zikawa 13. Vilivyokuwamo daftarini tayari vikapewa 00. 01 ni ya vilivyosajiliwa baadaye. Skyraider ya mwisho iliundwa 1957! Altimita ilikuwa halali, hadithi ndiyo ya kupachika.

Kwa vipuri vya Uingereza, tarakimu hizo mbili ni 99. Anayetafuta vya Strikemaster, ndege ambayo jeshi letu la anga liliwahi kuirusha, aanzie hapo. Na namba ikianza na 1377, usiguse: hilo ni kundi la baruti ndogondogo, zikiwemo za viti vya kumchomoa rubani. Ala za zamani zenye mishale iliyopakwa rangi ya kung'aa gizani nazo usizifungulie kioo. Huenda ni radiamu, metali yenye mionzi. Mng'ao umeshakufa, lakini mionzi huchukua miaka 1600 kupungua nusu tu.

Adui mkubwa wa pwani, hata hivyo, ni chumvi. Nyumba yangu ni ya mawe ya matumbawe. Masika yakiingia kuta hutoka jasho, na magnesiamu, metali nyepesi ya vipuri vya ndege, ikiwa imefungwa kwa bolti ya chuma huanza kutoa unga mweupe kama wa muhogo. Nafuta kwa maji ya mvua, si ya kisima, nakausha kivulini, napaka nta, kisha kwenye ndoo yenye mfuniko. Kibati sikisugui kamwe. Nimeona watu wakiking'arisha mpaka namba zikatoweka, kisha wanataka bei ya juu.

Ile altimita niliitundika ukutani. Inapima shinikizo la hewa, likipungua yenyewe husema umepanda juu, na shinikizo la ukanda wetu hupanda na kushuka mara mbili kwa siku. Saa nne asubuhi mshale uko chini, saa kumi alasiri umepanda makumi ya futi. Mzee jirani, mvuvi, akipita hugonga dirisha: "Mwanangu, leo nyumba yako i juu au i chini?"