Je, wajua kwa nini tundu moja la USB-C hutoa picha na jingine halitoi?

Chukua laptopi mbili za watu waliokaa meza moja kwenye semina ya vyama vya msingi vya korosho, iwe Masasi au Newala. Zote zina lile tundu dogo la USB-C pembeni, ambalo kichwa chake huingia upande wowote. Adapta ni moja, ya USB-C kwenda HDMI, na projekta ni hiyo hiyo. Kwenye laptopi ya kwanza picha inatokea ukutani kabla mtoa mada hajamaliza kusema "haya jamani, tuanze". Kwenye ya pili ukuta unabaki bluu. Wa mbele anasema adapta imekufa, wa nyuma anasema ni kebo, na mwenye laptopi anaizima na kuiwasha upya, dawa ya kila ugonjwa.

Mara nyingi hapo hakuna kilichoharibika. Hewa ya chumvi kweli hula pini za vifaa, na anayeishi karibu na bahari kama pale Shangani ana haki ya kuishuku, lakini adapta iliyofanya kazi dakika moja iliyopita kwenye laptopi ya jirani haikupata kutu njiani.

Kinachowapoteza wengi ni dhana kwamba picha ipo tayari ndani ya kila tundu, ikisubiri adapta ya kuigeuza umbo. Kwa dhana hiyo, kichwa kikishaingia, kilichobaki ni kubonyeza. "Hii inaingia laptopi zote, kaka," muuzaji atakwambia, na kuingia kweli inaingia. Tusimlaumu sana, maana kwa miaka mingi umbo la tundu lilitosha kueleza kazi yake. VGA, lile tundu la pini 15 lililoletwa na IBM mwaka 1987, lilikuwa la picha tu, halikujua kitu kingine. HDMI ya mwaka 2002 ikaongeza sauti. Ukiliona tundu, umejua kinachotoka.

USB-C, iliyotangazwa mwaka 2014, iliuvunja utaratibu huo bila kumuaga mnunuzi wa kawaida. Jina hilo linahusu umbo la tundu na pini zake 24, basi. Nyuma ya umbo hilo panaweza kuwa na chaji na data ya mwendo wa pole peke yake. Panaweza kuwa na data ya kasi isiyo na picha. Panaweza kuwa na data na picha pamoja, au Thunderbolt, teknolojia ya muunganisho wa kasi inayobeba karibu kila kitu. Mtengenezaji asipounganisha njia ya picha kutoka kwenye chipu ya michoro hadi kwenye tundu hilo, hajavunja kanuni yoyote. Zipo hata laptopi zenye matundu mawili ya USB-C yanayofanana kama mapacha, moja likitoa picha na jingine halitoi.

Sasa, laptopi na adapta zinaelewanaje? Fikiria gati la bandari ya Mtwara. Meli ya makontena na meli ya makaa ya mawe zinaweza kufunga kamba pale pale, lakini kufunga kamba si kupakua. Kama gati halina mtambo wa kuinua makontena, meli itaelea pale na mzigo wake hata wiki nzima, kamba zikiwa zimekazwa vizuri kabisa. Ndiyo maana nahodha haji kimyakimya. Huita kwa redio kwanza, ajitambulishe, aeleze mzigo wake na asubiri kujibiwa.

Adapta nayo huita. Kwenye USB-C kuna pini ndogo iitwayo CC, na ndiyo redio yenyewe. Ukichomeka, laptopi na adapta hupatana kwanza juu ya umeme, kisha laptopi inayoweza kutoa picha huuliza kilichofika ni kitu gani. Adapta hujibu kwamba inapokea picha za DisplayPort, yaani mfumo mmojawapo wa kupeleka picha kwenye skrini. Wakikubaliana, laptopi hubadilisha matumizi ya njia zake. Laptopi isiyo na uwezo huo haina la kuongeza baada ya umeme, na adapta hubaki imefungwa gatini. Haitoi cheche wala harufu. Baadhi ya kompyuta za Windows huonyesha ujumbe pembeni kwamba muunganisho wa skrini huenda una mipaka, nao watu huufuta kwa haraka ile ile wanayofutia matangazo. Ujumbe ule ni jibu la redio.

Kinachofuata wakikubaliana ndicho kinachonifurahisha zaidi. USB-C ina njia nne za kasi, tuseme barabara nne za lami zitokazo bandarini, ambazo kwa kawaida ni za data ya USB. Laptopi inaweza kuipa picha mbili na kuiachia USB mbili, au ikaipa picha zote nne. Zikichukuliwa zote, data ya USB haikatiki. Inarudi kwenye njia ya vumbi ya zamani, USB 2.0, yenye kikomo cha megabiti 480 kwa sekunde, ambayo ina pini zake yenyewe pembeni. Ndiyo sababu mtu anaweza kuwa na picha safi kabisa kwenye skrini kubwa huku kunakili video ya harusi kwenda kwenye flashi, kupitia adapta hiyo hiyo, kukiwa hakuishi.

Kebo nayo inaingia hapo. Nyingi kati ya kebo za USB-C zinazokuja na simu zina nyaya za chaji na za ile njia ya vumbi tu; barabara za lami hazimo. Ukiitumia kuunganisha laptopi na skrini yenye USB-C utapata chaji bila picha, hata kama vifaa vyote viwili vinaweza.

Jambo jingine ambalo watu hawalitarajii ni kwamba kinachotoka kwenye tundu si HDMI. Ni DisplayPort, na chipu iliyomo ndani ya adapta ndiyo inayoitafsiri kuwa HDMI. Kwa hiyo alama ya kutafuta pembeni ya tundu ni ile ya DisplayPort, herufi D iliyofungamana na P, au mshale wa radi wa Thunderbolt. Radi iliyochorwa juu ya betri ni ya chaji, usiihesabu. Na kukosekana kwa alama hakuthibitishi kitu, kwa kuwa watengenezaji wengi hawachori chochote. Soma jina kamili la modeli chini ya laptopi, kisha utafute sifa zake kwa mtengenezaji. Kama laptopi ina tundu la HDMI lake yenyewe, tumia hilo na uachane na mjadala.

Projekta za VGA, ambazo bado zinafanya kazi kwenye shule na kumbi nyingi, zina shida yao. VGA hubeba mawimbi ya analojia na HDMI ni dijitali, hivyo adapta ya kutoka HDMI kwenda VGA ina chipu na inakwenda upande mmoja tu. Haiwezi kugeuzwa ili laptopi ya zamani yenye VGA ionekane kwenye runinga ya HDMI. Hiyo ni adapta nyingine. Chipu hiyo hula umeme, na tundu la HDMI linawajibika kutoa miliampia 55 tu kwa volti 5. Picha ikija na kukatika, tafuta adapta yenye kitundu cha kuongezewa umeme kwa USB. Sauti haipiti VGA kabisa, ndiyo maana adapta nyingine zina tundu la spika.

Kuna njia moja ya kupita bila maelewano hayo ya redio kuhusu picha. Adapta zenye chipu ya DisplayLink haziombi picha. Programu yake, ambayo lazima uiweke kwanza, huibana picha na kuituma kama data ya kawaida, hivyo hata tundu la USB lisilojua picha linafaa, pamoja na lile pana la zamani. Bei yake iko juu, inaichosha kompyuta kidogo, na filamu zenye ulinzi wa hakimiliki mara nyingi hutoka nyeusi, sauti tu ikisikika. Kwa taarifa ya mauzo ya korosho inatosha kabisa.