Mkondo wa masomo Gredi ya 10 ni nini hasa

Wazazi wenye watoto Gredi ya 9 wanauliza sana, huu mkondo ambao mtoto anaambiwa achague ni kitu gani, na akichagua vibaya ndio basi? Ngoja nieleze vile inafanya kazi hapa Kenya kwenye mfumo mpya wa elimu, juu naona watu wengi wanachanganya mkondo na shule, wengine wanadhani mkondo ni kozi ya chuo imeletwa mapema, na kuna wale wanaona ni njia tu ya kutenga watoto werevu na wale wengine. Sio hivyo.

Mkondo ni fungu la masomo ambalo mtoto anafuata kwa miaka mitatu ya sekondari ya juu, yaani Gredi ya 10 mpaka ya 12. Iko mitatu. STEM ni sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Sayansi za jamii ni lugha, fasihi, historia, jiografia, dini, biashara. Halafu sanaa na michezo. Kila mtoto anabeba masomo saba, na manne ni lazima kwa wote: Kingereza, Kiswahili au lugha ya ishara ya Kenya, hisabati, na somo la huduma kwa jamii ambapo wanafunzi wanatafuta shida iliyoko kwao mtaani au kijijini na kuifanyia mradi. Matatu yanayobaki ndio mtoto anachagua, na hayo matatu ndio yanaupa mkondo wake sura. Hisabati kwanza haikuwa kwenye lazima, watu wakapiga kelele mpaka wizara ikageuza uamuzi 2025, sasa wa STEM wanafanya hisabati nzito na hao wengine wanafanya ile ya matumizi, na mimi naona hapo walisikiliza vizuri.

Sasa kwa nini kusumbuka na haya yote? Angalia vile tulimaliza sisi wa 8-4-4, ule mfumo wa zamani wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu. Ulianza 1985 na KCSE ya mwisho, yaani mtihani wa kumaliza kidato cha nne, ni 2027, na miaka hiyo yote mtoto akimaliza kidato cha nne anapewa gredi moja ya jumla. C+ mlango wa chuo kikuu uko wazi, C tupu umefungwa, wakati tofauti ya hao wawili inaweza kuwa alama chache tu kwa somo moja. Na hiyo gredi ya jumla haisemi kitu kuhusu yule msichana aliyepata A ya kilimo akaanguka kemia, mwajiri haangalii huko, mzazi mwenyewe anasahau, anakumbuka tu D+ ya jumla na aibu ya kuulizwa na majirani. Nimeona vijana wenye akili kabisa wakibeba hiyo gredi moja kifuani mpaka wanafika miaka arobaini. Hapo ndio dhana ya mkondo inaingia: badala ya kupima watoto wote kwa mizani moja, cheti kionyeshe huyu alisoma nini, kwa nini, na anaweza kufanya nini.

Ndio maana hata mtihani wa kuingia sekondari ya juu umebadilika. Huo mtihani, KJSEA ya Gredi ya 9, una viwango vinane kwa kila somo, kutoka EE1 ya juu mpaka BE2 ya chini. Na hausimami peke yake, unabeba asilimia 60 ya matokeo, halafu mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6 asilimia 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20. Kwa hivyo mtoto aliyeamka na malaria siku ya mtihani hapotezi kila kitu kwa asubuhi moja.

Hiyo ni kwa karatasi. Mahali mambo ni magumu ni hapa: mkondo unakuwa wa mtoto kweli kama tu shule iko nao. Kati ya masomo ya ufundi ndani ya STEM kuna teknolojia ya bahari na uvuvi. Somo zuri sana, na ukifikiria Kwale, Kilifi, Lamu, ukifikiria Ziwa Victoria na Turkana, hili ni somo lilipaswa kuwepo zamani. Lakini mtoto wa mvuvi Shimoni ambaye anajua majira ya kaskazi na kusi kabla hajaenda chekechea, atalisoma wapi? Anahitaji shule anayoweza kufika, mwalimu aliyesomea hayo mambo, na vifaa. Kikikosekana kimoja anapelekwa kwa masomo ambayo shule ya karibu inayo, halafu rekodi inasema alichagua. Sanaa na michezo ndio wako na shida zaidi, shule zenye huo mkondo ni chache kwa sababu unataka viwanja, vyombo vya muziki, mahali pa kurekodi, na shule nyingi za kutwa vijijini zina madarasa manne na maabara moja ya kuazimana.

Serikali nayo imelenga asilimia 60 waende STEM, 25 sayansi za jamii na 15 sanaa na michezo. Hapa sikubaliani nao kabisa. Huwezi kumwambia mtoto afuate kipaji chake na wakati huohuo umeshapanga wangapi watakuwa na kipaji gani.

Na tusisahau tulishawahi kuahidiwa hivi. 8-4-4 yenyewe ilianza na useremala, sayansi kimu, sanaa na ufundi, muziki, kilimo, lengo likiwa mtoto ajitegemee. Wazazi walichanga pesa za karakana kwa harambee. Baadaye vifaa vikakosekana, mzigo wa masomo ukaonekana mkubwa, na mapitio ya 2002 yakapunguza masomo, yale ya mikono ndio yakaumia. Ikabaki shule ya kukariri na kufanya mtihani. Kwa hivyo mtu akiwa na wasiwasi usimwambie anapinga maendeleo, ana kumbukumbu nzuri tu.

Tanzania wamepita njia nyingine kidogo. Kwa sera yao ya elimu ya 2014 toleo la 2023, mgawanyo unaanza mapema, kidato cha kwanza, kuna mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na wa amali anasoma masomo ya kawaida pamoja na fani kama ujenzi, umeme, ushonaji au kilimo, akimaliza awe na cheti cha sekondari na cha ufundi pia. Mimi hicho cheti cha pili nakipenda kwa sababu mwajiri anayetafuta fundi anakielewa bila kuelezwa. Nachoogopa ni umri, miaka kumi na tatu ni mapema sana kuamua.

Huku kwetu kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026 na litamaliza 2028. Kama mtoto wako yuko nyuma yao, kabla hamjajaza zile shule 12 mnazochagua kwenye mfumo wa wizara, kaa na yeye chini, usianze na STEM ya majirani, muulize ni kazi gani anafanya bila kusukumwa na ni somo gani analeta nyumbani kwa hiari yake. Halafu nenda shule yenyewe au piga simu. Usiulize wana mkondo gani, watakwambia wanao. Uliza somo hili na hili na hili yanafundishwa pamoja kwenu, nani anafundisha, karakana iko wapi naweza kuiona. Wakikuambia mwalimu atakuja muhula ujao, tafuta shule nyingine mapema.