Hartland Quay hadi Bude: njia isiyotaka kunyooka

Kwenye ramani, kutoka Hartland Quay hadi mji wa Bude, pwani ya kusini magharibi ya Uingereza, ni kama kilomita 24. Mtu aliyezoea kutembea atakwambia saa tano zinatosha. Usimsikilize. Kazi yangu ni kuongoza watembeaji, na katika Njia ya Pwani ya Kusini Magharibi ya Uingereza, inayokwenda zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Minehead hadi Poole, hakuna kipande ninachokiogopa kama hiki. Safari hii nilikwenda na rafiki yangu, mtu wa mazoezi, hana hata dalili ya kitambi. Tulipofika bonde la tatu akasimama, mikono kiunoni: "Bwana wee, hiki kilima si tumeshakipanda?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mabonde yako karibu kumi, na kila moja linakuteremsha hadi karibu na usawa wa bahari kisha linakudai upande tena. Ukijumlisha miinuko yote unapata zaidi ya mita 1,000. Mskoti mmoja mpanda milima, William Naismith, aliweka kanuni yake mwaka 1892 na bado tunaitumia: saa moja kwa kila maili tatu (karibu kilomita 5), na saa nyingine kwa kila futi 2,000 (karibu mita 600) unazopanda. Kwa hesabu hiyo zile saa tano zinakaribia saba, na hapo hamjakaa kunywa hata maji.

Sababu ya kwanza ya mateso haya ni magendo. Kikosi cha walinzi wa pwani kiliundwa mwaka 1822, na walinzi wake walipiga doria kwa miguu wakisaka mizigo iliyoshushwa kwa siri. Ili wachungulie kila kihori, ilibidi wafuate ukingo wenyewe wa genge, yaani ukuta wa mwamba juu ya bahari, kona kwa kona. Sisi tunaokwenda kujifurahisha tumerithi njia ya watu waliokuwa kazini.

Sababu ya pili imo kwenye mwamba. Magenge haya ni tabaka za mawe ya mchanga na mawe ya tope zenye umri wa zaidi ya miaka milioni 300, zikakunjwa na nguvu za ardhi hadi nyingine zimesimama wima. Mawimbi ya Atlantiki yanazila haraka kuliko vijito vinavyoweza kuchimba mabonde yake. Matokeo yake unayaona Speke's Mill Mouth, mwanzoni tu mwa safari: kijito kinafika ukingoni, kinakuta bahari imeshakata ardhi mbele yake, kinaporomoka hadi ufukweni. Nilimsimamisha mwenzangu hapo nimweleze. Akasikiliza kwa adabu, macho yake kwenye mlima unaofuata.

Watu huogopa kupanda, ilhali kinachowaumiza ni kushuka. Unaposhuka, msuli wa mbele ya paja unarefuka huku umekaza ili kukuzuia usianguke, na kazi hiyo ndiyo inayouachia michaniko midogo midogo. Maumivu huja kesho yake na kesho kutwa. Kwa hiyo hatua fupi, goti likunjwe kidogo, fimbo zitangulie. Angalia pia ngazi zenyewe. Nyingi ni ubao uliozuiwa kwa vigingi na udongo kujazwa nyuma yake; mvua ikishachukua udongo, kinabaki kidimbwi nyuma ya ubao uliochomoza, na ubao wenyewe ukilowa unateleza vibaya. Mimi hukanyaga pembeni, kwenye majani.

Mkiwa wawili, mwenye pumzi ndogo atangulie. Mwenye nguvu akiwa mbele, atapumzika akimngoja mwenzake, na mwenzake akifika tu, safari inaendelea. Aliyechoka hapumziki kabisa.

Marsland Mouth mnavuka daraja dogo la mbao, mkoa wa Devon unaisha, wa Cornwall unaanza. Hakuna kinachobadilika, miguu inauma vilevile. Baada ya kijiji cha Morwenstow kuna kibanda cha mbao alichojenga kasisi Robert Hawker katika karne ya 19 kwa mbao za meli zilizovunjika. Alikuwa akikaa humo kutunga mashairi, na ndiye aliyezika kwa heshima mabaharia waliotupwa na bahari chini ya magenge haya. Kaeni humo. Upepo hauingii sana, na mbele kuna bonde jingine.

Kutoka hapo utayaona madishi meupe ya kituo cha serikali cha kunasa mawasiliano, na utayaona kwa muda mrefu mpaka uyachukie. Bonde la Duckpool ndilo adhabu ya mwisho ya maana. Ukifika ufuko wa Sandymouth, maji yakiwa yamekupwa, unaweza kufuata mchanga hadi Bude. Rafiki yangu aliutaka huo mchanga kwa moyo wote. Lakini pwani hii wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, bahari hupanda zaidi ya mita 6, nyuma yako kuna ukuta wa jabali, na jedwali langu la maji kupwa na kujaa lilisema yanajaa. Tukapita juu. Alininunia mpaka tulipoviona vibanda vya ufukweni vya Crooklets, pale Bude, kisha akauliza basi linaondoka saa ngapi.