Je, wajua kwa nini kipara hula utosi na kuacha kisogo?

Kaa nusu saa kwenye saluni yoyote ya kiume pale Kirumba, Mwanza, uangalie vichwa vinavyopita kwenye kiti. Utaona mtu ambaye nywele za mbele zimerudi nyuma pembeni mwa paji na utosi umeanza kung'aa, lakini mashine ikifika kisogoni na juu ya masikio inashusha nywele nzito za ujana. Kichwa ni kimoja na damu ni hiyohiyo. Mbona huku pamenyauka na kule pamestawi?

Mtaani majibu hayakosekani. Kofia inabana. Maji ya kisima. Mawazo. Wengine husema ni dalili ya pesa, na hilo naomba tusilichukulie kama utani: mwaka 2017 polisi wa Msumbiji walilazimika kuwatahadharisha wanaume wenye vipara, baada ya baadhi yao kuuawa na watu walioamini kuwa kichwa cha namna hiyo kina dhahabu. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua imani za aina hiyo zinavyomwaga damu. Kipara hakina dhahabu wala laana. Kina maelezo.

Tangu balehe, mwili wa mwanamume hutengeneza testosteroni kwa wingi. Sehemu ya homoni hiyo hubadilishwa na kimeng'enya fulani (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali mwilini) kuwa homoni yenye nguvu zaidi, dihaidrotestosteroni, ambayo madaktari huiita DHT kwa kifupi. DHT ndiyo inayosinyaza nywele za mbele na za utosini. Cha ajabu ni kwamba homoni hiyohiyo ndiyo inayonenepesha ndevu na nywele za kifuani. Mvua inayostawisha mpunga mbugani ndiyo inayoozesha viazi. Tofauti iko kwenye kilichopandwa. Mizizi ya kisogoni haisumbuliwi sana na DHT. Ya utosini, kwa aliyerithi hali hiyo, inaumia.

Kwa hiyo wanaosema mwenye kipara ana homoni nyingi kupita wenzake wamekosea. Kwa kawaida kiwango chake ni kama cha mtu mwingine yeyote. Kilichozidi ni wepesi wa mizizi yake kuipokea homoni hiyo.

Unywele wa kichwani hukua kwa miaka 2 hadi 6, hupumzika miezi kama 3, hudondoka, kisha mzizi huanza upya. Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku si ugonjwa. DHT inapouelemea mzizi, kila mzunguko wa ukuaji unakuwa mfupi kuliko uliopita, na unywele unaotoka unakuwa mwembamba zaidi, mpaka panabaki malaika tu, yaani vinyweleo laini. Ndiyo maana wengi hawaoni nywele zikidondoka kwa mafungu. Wanashtukia tu ngozi inaonekana. Mtazame utosi mtu anayeanza, tena juani: unywele mnene, pembeni yake mwembamba nusu yake, na kando yao laika fupi lisilo na rangi, vyote kwenye eneo dogo kama ukucha. Daktari wa ngozi akishika lenzi yake, mchanganyiko huo ndio anaoutafuta.

Tulijuaje? Mwaka 1942 Mmarekani James Hamilton aliandika kuhusu wanaume waliohasiwa kabla ya balehe. Hawakupata kipara. Walipopewa testosteroni, wale ambao kwao kuna vipara walianza kupoteza nywele, na wengine hawakupoteza. Basi homoni peke yake haitoshi. Lazima kuwe na urithi. Mwaka 1974 daktari Julianne Imperato-McGinley na wenzake wakaeleza kuhusu wanaume wa Jamhuri ya Dominika waliozaliwa na upungufu wa kile kimeng'enya. Testosteroni walikuwa nayo, DHT ilikuwa kidogo sana, tezi dume zao zilibaki ndogo na hawakuota vipara. Dawa ya finasteridi, inayozuia kimeng'enya hicho, ilifuata njia hiyo.

Kuhusu urithi, watu hupenda kumnyooshea kidole mjomba. Kuna ukweli hapo, kwa sababu jeni mojawapo kubwa iko kwenye kromosomu X ambayo mtoto wa kiume huipata kwa mama. Lakini jeni zinazohusika ni nyingi, na baba naye ana mchango wake.

Kabla hujanunua chochote, hakikisha tatizo lako ni hilo. Upara wa homoni hauwashi, hauna usaha wala magamba, hauachi kovu. Mabaka yenye magamba, hasa kwa watoto, mara nyingi ni mapunye, na hayo ni fangasi yenye dawa yake. Duara laini lililotokea ghafla ni jambo jingine. Nywele zikipungua kichwa kizima miezi 2 au 3 baada ya malaria kali au taifodi, kwa kawaida huota tena zenyewe. Na ikiwa kinachoharibika ni kisogo, penye vipele vigumu visivyoisha kila ukinyolewa, usiisingizie DHT: ni uvimbe wa mizizi unaochochewa na kunyoa karibu mno na ngozi, na ukiachwa huacha makovu yasiyoota nywele kamwe. Hayo yote ni ya kupeleka kwa daktari wa ngozi, kwenye hospitali ya rufaa kama Bugando, wala si kwa muuza mafuta wa stendi. Inaniuma kuona kijana anayebeba samaki soko la Mwaloni akitoa kibarua cha wiki nzima kununua kichupa kisichoandikwa hata kilichomo.

Dawa zilizothibitishwa ni chache. Minoksidili ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu. Wagonjwa wakaota nywele, ikatengenezwa ya kupaka, na Marekani iliiruhusu mwaka 1988. Hupakwa kwenye ngozi ya kichwa asubuhi na jioni. Wiki za mwanzo nywele zinaweza kudondoka zaidi, na hapo ndipo wengi huitupa. Ipe miezi 4 hadi 6. Mwenye ugonjwa wa moyo amuulize daktari kwanza.

Finasteridi ya miligramu 1 iliruhusiwa kwa kipara mwaka 1997, na hupunguza DHT kwenye damu kwa takriban asilimia 70. Wachache hupungukiwa hamu au nguvu za kiume, na wengine huripoti huzuni nzito. Hayo mwambie daktari bila aibu. Mjamzito asishike kidonge kilichovunjika, kwa kuwa kinaweza kuathiri maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Tena, dawa hii hushusha kipimo cha damu cha tezi dume, PSA, kwa karibu nusu, hivyo asiyejua kwamba unaitumia anaweza kusema uko salama wakati hauko.

Dawa zote mbili hulinda kilichopo vizuri zaidi kuliko zinavyofufua kilichokwisha. Anayeanza mapema hupata zaidi, na ukiacha, faida huondoka ndani ya miezi.

Upandikizaji nao unategemea siri ya kisogo. Mwaka 1959 Norman Orentreich wa New York alionyesha kuwa nywele za kisogoni zikihamishiwa mbele huendelea kuota, kwa sababu mizizi inahama na tabia yake. Kwetu sisi mzizi hupinda chini ya ngozi na unaweza kukatwa vibaya, basi tafuta daktari aliyezoea nywele za Kiafrika, na mwambie kama kwenu ngozi huota makovu ya kuvimba.

Wengi hawatachagua lolote kati ya hayo. Watanyoa zote, na ni uamuzi mzuri kabisa. Kunyoa hakuzidishi kipara. Ila Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, karibu na ikweta, na anayeshinda ziwani hupigwa na jua la juu na lile linaloakisiwa na maji. Ile kofia inayolaumiwa kwa kipara ivae, na mwambie kinyozi asikwangue mpaka kwenye ngozi.